Mavumbi ya Nchi na Pumzi ya Mungu

Somo la mwezi kwa jumuiya na vikundi vya Biblia. Yasomwe kwanza: Mwanzo 1 na 2, Zaburi 139:13-16, Mhubiri 3:18-21, Yohana 9:1-3.



Jioni moja, darasa letu la Biblia hapa Kurasini lilipokwisha na watu kuondoka, kijana mmoja wa kidato cha nne alibaki nyuma. Mkononi alikuwa na madaftari mawili. Moja lilikuwa daftari lake la zamani la kipaimara, na la pili lilikuwa la Bayolojia, yaani elimu ya viumbe. Akatuonyesha kwamba katika lile la kwanza aliandika ya kuwa Mungu aliumba ulimwengu kwa siku sita, na katika lile la pili ameandika ya kuwa viumbe vilibadilika polepole kwa mamilioni ya miaka. Akasema, "Nikiujibu mtihani kwa daftari hili, je, nimemkana Mungu? Na nikilishika lile lingine peke yake, je, nimwambie mwalimu wangu uongo?"

Tukamwuliza kama amekwisha kulipeleka swali hili kwa mwingine. Akajibu kwamba alimwuliza mzee mmoja, akaambiwa anyamaze asije akapoteza imani. Kisha alimwuliza mwalimu mmoja, akaambiwa ya kuwa dini ni ngano za watu wa kale. Basi alipewa majibu mawili, na yote mawili yalikuwa mlango uliofungwa.

Tumeona vema kulijibu swali hili mbele ya wote, kwa kuwa si lake peke yake. Watoto wetu wengi hulibeba kimya, na mtu abebaye mzigo kimya kwa muda mrefu huchoka. Siku moja huutua, na mara nyingine huitua na imani yake pamoja nao.

1. Maandiko yenyewe yasemaje

Tuisome sura ya kwanza ya Mwanzo polepole, kama mtu asomavyo barua ya baba yake. Twaona ya kuwa nuru yatokea siku ya kwanza, lakini jua na mwezi vyawekwa mbinguni siku ya nne. Mimea yatangulia, kisha samaki na ndege, kisha wanyama wa nchi, na mwisho mwanamume na mwanamke pamoja. Sasa tuisome sura ya pili. Hapa mwanadamu yuko kwanza, akifinyangwa kwa mavumbi ya ardhi. Ndipo bustani yapandwa, ndipo wanyama wafinyangwa kwa ardhi ile ile, na baadaye kabisa mwanamke.

Wale walioziweka sura hizi pamoja hawakuwa wajinga. Waliiona tofauti hii kama tuionavyo sisi, wala hawakuifuta. Wakaziacha sura zote mbili zisimame bega kwa bega. Kama wangekuwa wanaandika hesabu ya siku na saa, wangelisawazisha jambo hili kabla ya kutuachia kitabu. Lakini walikuwa wanatuambia jambo kubwa kuliko hesabu.

Jambo hilo twalielewa vizuri zaidi tukiwakumbuka majirani zao. Katika karne ya 6 kabla ya Kristo Waisraeli wengi walikuwa uhamishoni Babeli. Watu wa nchi ile walisimulia ya kuwa ulimwengu ulitokana na vita vya miungu, na ya kuwa wanadamu waliumbwa kwa damu ya mungu aliyeuawa, wapate kuifanyia miungu kazi ngumu. Jua na mwezi pia vilikuwa miungu yao. Sasa isikilizeni tena sura ya kwanza. Hakuna vita, Mungu asema, na vitu vinakuwa. Jua na mwezi hata hawatajwi kwa majina, bali waitwa mianga tu, kama taa zilizotundikwa. Na mwanadamu si mtumwa aliyetengenezwa kwa ajili ya kazi za sulubu. Ameumbwa kwa mfano wa Mungu, mume na mke sawasawa. Neno hili lilisemwa kwa watu walioshindwa, walio wageni katika nchi ya mabwana zao. Tena ni neno la kweli leo kwa mchukuzi wa bandarini na kwa mama auzaye maandazi kando ya barabara.

Kila taifa lina masimulizi yake ya asili. Wamaasai husimulia jinsi Mungu alivyowateremshia ng'ombe kutoka mbinguni kwa ukanda wa ngozi. Majirani zetu Waislamu, ambao twaishi nao nyumba kwa nyumba hapa Kurasini, hukiri kama sisi ya kuwa Mungu alimwumba Adamu kwa udongo. Na lugha yetu yenyewe yatukumbusha kila siku, maana humwita kila mtu mwanadamu, yaani mwana wa Adamu. Katika Kiebrania jina hilo Adamu maana yake ni mtu, nalo lafanana na neno adama, yaani udongo. Masimulizi ya namna hii hayakutolewa ili kuhesabu miaka. Yametolewa ili mtu ajue yeye ni wa nani.

2. Baba zetu katika imani walisomaje

Mtu asidhani ya kuwa hofu ya kufundisha hivi imeanza leo, au ya kuwa sisi tumeyabuni haya ili kuwapendeza wenye elimu. Augustino, askofu wa Hipo, alizaliwa mwaka 354 katika Afrika, katika nchi iitwayo leo Algeria. Aliandika kitabu kikubwa juu ya Mwanzo, wala hakuzihesabu siku zile sita kuwa siku za kawaida kama zetu. Alifikiri ya kuwa Mungu alitia katika viumbe vyake tangu mwanzo kitu kama mbegu, vitu vipate kutokea kwa wakati wake. Tena aliwaonya Wakristo wasinene ovyo juu ya nyota na wanyama, wakidai ya kuwa ndivyo Biblia inavyosema. Alisema ya kuwa mtu asiyeamini akituona tumekosea katika jambo analolijua vema, hatatusadiki tutakapomwambia habari za ufufuo.

Tena tukumbuke mwaka 1543, Luther alipokuwa bado hai. Katika mji wa Nuremberg kilichapishwa kitabu cha Copernicus kilichofundisha ya kuwa dunia hulizunguka jua. Watu wengi walifadhaika, maana katika Yoshua 10 jua laamriwa kusimama. Lakini aliyemhimiza Copernicus atoe kitabu chake alikuwa Rheticus, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Wittenberg, na aliyesimamia uchapaji mwishoni alikuwa Osiander, mhubiri wa Kilutheri. Leo hakuna Mlutheri aogopaye habari hiyo. Twasema ya kuwa jua limetua, nasi twajua ya kuwa dunia ndiyo iliyogeuka. Wala hatumwiti mwenzetu mwongo, wala hatuifungi Biblia. Tumejifunza ya kuwa Roho Mtakatifu alinena na watu kwa lugha ya macho yao.

3. Ardhi ya nchi yetu yashuhudia nini

Elimu ya viumbe haikuletwa kwetu kwa meli tu. Sehemu kubwa ya ushahidi wake imelala katika ardhi yetu wenyewe. Charles Darwin alichapisha kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mwaka 1859. Mwaka 1871 aliandika tena, akakisia ya kuwa yamkini wazee wa wanadamu waliishi Afrika. Miaka 100 baada ya kile kitabu cha kwanza, tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey alikuwa akitembea katika bonde la Oldupai, ambalo vitabu vingi huliandika Olduvai. Mumewe, Louis, alikuwa amelala kambini kwa homa. Mary akaona mfupa ukitokeza ardhini, nao ulikuwa fuvu la kiumbe mfano wa mtu, mwenye magego makubwa sana. Wakamwita Zinjanthropus, yaani mtu wa Zinji, kwa jina la kale la pwani yetu. Fuvu hilo limehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, safari fupi ya daladala kutoka hapa Kurasini. Wengine wetu hupita karibu na nyumba hiyo kila juma bila kujua.

Inafaa kujua pia ya kuwa Louis Leakey alikuwa mtoto wa wamisionari, aliyezaliwa mwaka 1903 katika misheni ya Kabete, Kenya.

Mtu atauliza, "Wamejuaje miaka?" Hawakukisia. Majivu ya milima ya moto yana madini ya potasi, na sehemu ndogo ya potasi hiyo hugeuka polepole kuwa hewa iitwayo argoni, kwa mwendo usiobadilika. Ukiingia chumbani ukakuta mshumaa umebaki nusu, nawe wajua unavyopungua kwa saa moja, waweza kusema uliwashwa lini. Vivyo hivyo, mwaka 1961 majivu ya Oldupai yalipimwa, yakaonekana kuwa na miaka ipatayo milioni 1.75.

Kusini ya bonde hilo, mahali paitwapo Laetoli, kundi la Mary Leakey lilifunua mwaka 1978 nyayo za miguu katika majivu yaliyogeuka kuwa jiwe. Majivu yaliloweshwa na mvua, viumbe wakapita juu yake kwa miguu miwili, yakakauka, yakafunikwa. Njia hiyo ina urefu wa mita zipatazo 27, na umri wake ni miaka ipatayo milioni 3.66. Nyayo moja ni kubwa, nyingine ni ndogo, nazo zakwenda upande mmoja. Mtu azitazamaye hawezi kukosa kufikiri habari za wasafiri waliokwenda pamoja. Hatujui kama walijua kuomba. Lakini twajua ya kuwa Mungu aliwaona.

Hapa yatupasa kuliondoa neno moja liletalo ugomvi bure. Watu husema, "Elimu ya viumbe yafundisha ya kuwa mtu ametoka kwa nyani." Sivyo ifundishavyo. Sokwe wa Gombe si babu yetu, wala ngedere si bibi yetu. Elimu hiyo yasema ya kuwa sisi na sokwe tu kama ndugu wa ukoo mmoja wa zamani sana, ambao matawi yake yaliachana mamilioni ya miaka iliyopita. Binamu yako si babu yako. Hata yule Zinjanthropus, wataalamu wengi humhesabu kuwa tawi la kando lililokatika, si baba yetu.

Je, Biblia huona haya kwa ujamaa huu? Someni Mwanzo 2:7 na 2:19. Mwanadamu amefinyangwa kwa ardhi, na wanyama wamefinyangwa kwa ardhi iyo hiyo. Someni Mhubiri sura ya 3, pasemapo ya kuwa wote watoka mavumbini na wote warudi mavumbini. Utukufu wetu haumo katika udongo uliotumika. Umo katika pumzi tuliyopuliziwa na katika jina tuliloitwa.

4. Mabadiliko tuliyoyaona wenyewe

Wengine husema, "Hakuna mtu aliyewahi kuona viumbe vikibadilika." Lakini wazee wa Kurasini wameona, ingawa hawakujua ya kuwa ndilo jambo lenyewe. Mwaitumia akilini ile dawa ya klorokwini? Tulipougua malaria tulipewa vidonge vile vichungu, wengine tukawashwa mwili mzima usiku kucha, lakini homa ikaondoka. Miaka ikapita, watu wakameza klorokwini, na homa haikuondoka. Mwaka 2001 serikali ya Tanzania iliiacha, ikaweka dawa ya SP mahali pake. Na mwaka 2006 ikaiacha na hiyo kuwa dawa ya kwanza, ikaweka dawa mseto.

Kulikuwa na nini? Vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa ni wengi mno, wala hawafanani kabisa. Wachache kati yao walizaliwa na tofauti ndogo iliyowawezesha kuivumilia dawa. Dawa ikawaua wengine, hao wachache wakabaki, wakazaa, na watoto wao wakairithi tofauti ile. Baada ya miaka mingi wakawa ndio wengi. Hayo ndiyo mageuko ya viumbe katika mfano mdogo: tofauti, urithi, na kubaki kwa wale wanaofaa mahali pao. Daktari asiyeyajua haya angeendelea kutoa dawa isiyoponya, na watoto wangekufa. Basi tusiidharau elimu hii, maana wengi wetu tu hai kwa sababu yake.

Tazameni pia samaki wa Ziwa Victoria waitwao furu. Wako aina mamia, nao ni jamaa wa karibu kwa urithi. Mmoja ana taya la kusagia konokono, mwingine ana meno ya kukwangua mwani juu ya mawe, mwingine hula samaki wenzake. Na karibu zaidi, katika tope la mikoko ya Mtoni, maji yakupwapo, twaona samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa wakitoka majini na kujikokota juu ya tope kwa mapezi yao. Hatusemi ya kuwa samaki huyu ni mzee wetu. Twasema tu ya kuwa mpaka baina ya maji na nchi kavu, ulioonekana kuwa ukuta, Muumba ameweka mlango ndani yake.

5. Damu ya mtoto

Sasa twafika mahali ambapo swali hili si la daftari tena. Mama mmoja alitujia na mtoto wake mwenye ugonjwa wa selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa, huishiwa damu, hulazwa mara kwa mara. Ndugu za mumewe walimwambia mama huyu ya kuwa damu yake ina laana. Wengine wakamwambia ya kuwa ametenda dhambi ya siri. Naye akatuuliza kwa sauti ndogo, "Je, Mungu ndiye aliyemwumba mwanangu hivi?"

Tulimsomea Yohana 9, wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi, yule kipofu au wazazi wake, na Bwana akakataa yote mawili. Kisha tukamweleza yale ambayo elimu ya viumbe imeyajua. Katika karibu kila chembe ya mwili mna maelekezo ya urithi, kama maandishi marefu sana. Katika ugonjwa huu imebadilika herufi moja tu katika maelekezo ya kutengeneza damu, na chembe nyekundu hupinda kama mundu. Mtoto aliyeipokea herufi hiyo kwa mzazi mmoja huwa mzima, tena amekingwa sana na malaria kali. Aliyeipokea kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Wazazi wawili wenye kuibeba, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kumzaa mtoto mgonjwa. Basi si damu ya mama peke yake. Ni urithi wa baba na wa mama sawasawa.

Kwa nini herufi hiyo haikupotea? Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alianza mwaka 1949 kupima damu za watu wa Afrika Mashariki. Akaona ya kuwa alama hiyo ni ya kawaida pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye mbu wengi, lakini ni adimu katika nchi za juu zenye baridi. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi ya kuwa alama hiyo huwakinga watoto wasiuawe na malaria. Yaani wazee wetu wa pwani, vizazi kwa vizazi, walibaki hai kwa sababu ya kinga hiyo, na mtoto huyu analipa kwa maumivu yake sehemu ya gharama ya uhai wetu sote.

Mama alipoyasikia haya alilia, lakini haikuwa tena kwa aibu. Elimu ya viumbe ilikuwa imemwondolea laana ambayo majirani walimwekea. Haikuweza kumwambia kama Mungu anampenda mwanawe. Hilo ilitupasa sisi kumwambia. Tukamwambia ya kuwa mtoto huyu ameumbwa kwa mfano wa Mungu sawa na mtoto awaye yote, na ya kuwa Mungu wetu si mungu akaaye mbali na maumivu, bali ndiye aliyevaa mwili huu huu wa udongo, akatokwa na damu msalabani. Nanyi vijana mnaotazamia kufunga ndoa, twawashauri mpimwe damu kwanza, si kwa kuogopana, bali mpate kujua na kujitayarisha.

6. Katekisimu yetu yatupa ufunguo

Wako watakaosema, "Lakini kama viumbe vilitokea kwa njia ndefu hivi, Mungu amebaki na kazi gani?" Jibu tulijifunza utotoni. Katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529 Luther aeleza sehemu ya kwanza ya Imani. Yeye haanzi na Adamu, wala hahesabu siku. Amfundisha kila Mkristo kukiri ya kuwa Mungu amemwumba yeye mwenyewe, pamoja na viumbe vyote, akampa mwili na roho, macho na masikio, akili, nguo na viatu, chakula na nyumba.

Tufikirini basi. Kila mmoja wetu akiri ya kuwa ameumbwa na Mungu. Hata hivyo kila mmoja wetu ajua ya kuwa ana baba na mama, na ya kuwa alikaa tumboni miezi tisa, akianza kama chembe moja isiyoonekana kwa jicho. Daktari aweza kutueleza kila hatua, juma kwa juma. Je, kuna Mkristo asemaye, "Kwa kuwa nimejua habari za mimba, basi sikuumbwa na Mungu"? Hakuna. Mwenye Zaburi 139 aimba ya kuwa Mungu alimwunganisha tumboni mwa mamaye, wala haoni ya kuwa mama amempokonya Mungu kazi yake.

Kadhalika twaomba mkate wa kila siku, hali twaona ngano ikishushwa melini hapa bandarini, ikasagwa, ikaokwa na mwenye tanuri. Twamshukuru Mungu, tena twamlipa mwoka mkate. Luther alifundisha ya kuwa viumbe ni kama vifuniko, na nyuma yake Mungu mwenyewe atenda kazi. Basi kama miezi tisa tumboni haimwondoi Muumba, miaka milioni nayo haimwondoi. Anayeweza kuumba mtu mmoja polepole aweza kuumba jamii yote ya watu polepole. Kwake yeye miaka elfu ni kama siku moja.

7. Maswali yaliyobaki, na maonyo mawili

Hatutaki kuwadanganya wasomaji wetu kwamba hakuna mahali pagumu. Twasoma katika Warumi 5 ya kuwa dhambi iliingia ulimwenguni kwa mtu mmoja, na mauti kwa dhambi. Lakini mifupa ya ardhini yaonyesha ya kuwa wanyama walikufa kabla ya kuwapo watu. Wako waalimu wa Kanisa wanaolieleza neno la Paulo kuwa ni mauti ya mtu kutengwa na Mungu, si kufa kwa swala na samaki. Wako wanaomwona Adamu kuwa mtu mmoja, na wako wanaomwona kuwa ni sisi sote. Wako pia Walutheri wazishikao siku sita kama zilivyoandikwa. Hao ni ndugu zetu, nasi twakunywa kikombe kimoja pamoja nao. Lakini jambo moja twakiri sote: ya kuwa tumeanguka, kila mtu ajua moyoni mwake bila kuchimba Oldupai, na ya kuwa Adamu wa mwisho, Kristo, ametuinua.

Onyo la kwanza ni kwa wahubiri na wazazi. Msimfunge mtoto mzigo ambao Bwana hakumfunga. Ukimwambia ya kuwa lazima achague baina ya Kristo na mifupa aliyoiona kwa macho yake, siku moja atachagua, na kosa litakuwa lako. Kweli yote ni ya Mungu, hata ile iliyochimbwa kwa sururu.

Onyo la pili ni kwa waalimu na wasomi. Mkisema ya kuwa elimu ya viumbe imethibitisha kwamba hakuna Mungu, mmeuacha ufundi wenu. Vyombo vyenu hupima umri wa jiwe. Havipimi kama uhai una maana, wala kama mtoto wa maskini ana thamani sawa na mtoto wa tajiri. Mtu aliyepima urefu wa barua na uzito wa karatasi yake hajaisoma bado.

8. Kijana na madaftari yake

Yule kijana tulimwambia hivi: mtihani wako ujibu kwa kweli uliyofundishwa, wala usiogope, maana Mungu si mwoga wa maswali. Kisha tukamwomba aliandike jina lake katika ukurasa wa kwanza wa madaftari yote mawili. Akaandika, akatutazama, asijue maana yake. Tukamwambia, "Ni mtu mmoja aliyeandika haya yote. La Bayolojia lakuambia umefinyangwa kwa udongo gani, na kwa muda gani. La kipaimara lakuambia ni mikono ya nani iliyokufinyanga, na kwa upendo gani." Akayaweka pamoja katika mfuko wake, akaenda zake.

Maswali ya kuzungumzia katika jumuiya

1. Ni tofauti gani mnazoziona baina ya Mwanzo 1 na Mwanzo 2? Na ni neno gani moja ambalo sura zote mbili zafundisha?
2. Ni kwa njia zipi Mungu hutupa mkate wa kila siku? Je, kuzijua njia hizo kwapunguza shukrani zetu?
3. Je, katika mtaa wetu yuko mama au mtoto aliyewekewa laana kwa sababu ya ugonjwa? Twaweza kumfanyia nini juma hili?
4. Mtoto wako akikuletea swali usilolijua, utamjibuje ili mlango ubaki wazi?

Sala

Ee Mungu Mwenyezi, uliyetufinyanga kwa mavumbi na kutupa pumzi yako, twakushukuru kwa kuwa hukutuumba kwa haraka ya mtu mwenye kuchoka, wala hukutusahau katika urefu wa miaka. Uwape waalimu wetu unyenyekevu, wahubiri wetu uaminifu, na vijana wetu ujasiri wa kuuliza. Uwaguse wagonjwa walio na maumivu usiku huu. Utufundishe kuzisoma kazi zako na Neno lako kwa moyo mmoja, hata siku ile tutakapokujua kama tujulikanavyo nawe. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.